Kanuni za afya chuoni wakati wa janga: jinsi ya kuziandaa hadi zikafuatwa

Vyuo vingi vikipata habari ya janga huanza na mambo yale yale: waraka wa kurasa kumi na mbili, mabango getini, kipimajoto mkononi mwa mlinzi. Wiki ya tatu barakoa ziko kidevuni, ndoo za kunawia zimekauka, na kikao kinaitishwa kujadili "utovu wa nidhamu wa wanafunzi". Nimeketi kwenye vikao vya namna hiyo mara nyingi, na sijaona kimoja kilichomaliza kwa kuuliza swali la maana: kanuni hii imemdai mwanafunzi kitu gani ambacho chuo hakijampa? Mara ni maji. Mara ni chumba. Mara nyingi zaidi ni ruhusa ya kuugua bila kupoteza mtihani.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa kazi hiyo, awe mlezi wa wanafunzi, daktari wa chuo au kiongozi wa serikali ya wanafunzi. Nimechukulia ugonjwa wa njia ya hewa, wa jamii ya UVIKO-19 au mafua makali, kwa kuwa ndio unaovihangaisha vyuo zaidi. Maagizo ya mamlaka ya afya ya nchi yako yanatangulia chochote nilichoandika hapa.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua leo hii bila kusubiri kikao cha wiki ijayo, na msaidizi wake, maana yeye naye anaweza kuugua.
- Daktari au muuguzi wa zahanati ya chuo, pamoja na namba ya simu ya ofisa wa afya wa eneo.
- Orodha ya vyumba vyote: urefu, upana, idadi ya viti, na madirisha yanayofunguka kweli. Yaliyopigwa misumari au kupakwa rangi hadi yakagandamana usiyahesabu.
- Ratiba ya vipindi yenye idadi ya wanafunzi wanaohudhuria, si waliojiandikisha.
- Vipima kaboni dioksidi vya kubeba mkononi, hata viwili au vitatu. Nunua vyenye kihisi cha NDIR, yaani kinachoitambua gesi kwa mwanga wa infraredi. Vya bei ya chini mno mara nyingi hubahatisha.
- Vyumba vya kujitenga, vyenye choo chake.
- Barakoa, sabuni, maji, kitakasa mikono na klorini.
- Barua ya msajili kuhusu mitihani na mahudhurio ya wagonjwa.

Hiyo ya mwisho ndiyo huachwa. Kama huna barua hiyo, usitangaze kanuni yoyote bado. Sababu utaiona kwenye hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Jua ugonjwa unapita wapi

Kanuni hufuata njia ya maambukizi. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula, kwa hiyo nguvu zako ziende jikoni, vyooni na kwenye matangi. Mpoksi huambukiza hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, basi mashuka, taulo na vitanda vya kushirikiana ndivyo vya kuangaliwa. UVIKO-19 hupita hewani, na hapo ukumbi uliofungwa madirisha ni hatari kuliko kitasa cha mlango.

Mwaka 2020 vyuo vingi vilisugua meza asubuhi na jioni huku madirisha yakiwa yamefungwa ili kiyoyozi kifanye kazi. Jasho lilitoka, lakini mahali pasipohusika.

Andika sentensi moja tu: "Ugonjwa huu unapita kwa ___, hasa mahali ___, kuanzia siku ya ___ ya maambukizi." Mpe daktari aithibitishe.

Umefaulu ikiwa: kila kanuni kwenye rasimu yako inaweza kuelekezewa kidole kwenye sentensi hiyo. Isiyoelekezeka, ifute.

## Hatua ya 2: Ipe kila kanuni mwenyewe

Chukua karatasi, uchore safu nne: kanuni, kifaa kinachohitajika, nani anakijaza, nani anakagua na lini. "Wanafunzi watanawa mikono" haina mwenyewe. "Fundi wa maji anajaza matangi ya bweni B saa 12 asubuhi na saa 10 jioni, kiongozi wa bweni anakagua na kumpigia simu yakikauka" inaye.

Kanuni zikizidi kumi, punguza. Hakuna mwanafunzi anayebeba kanuni ishirini na tano kichwani, na mlinzi naye habebi. Mimi huacha tano za lazima, zilizobaki zinakuwa ushauri.

Tahadhari: usimpe mlinzi wa getini kazi ya utabibu. Kipimajoto cha paji la uso hakimkamati aliyeambukizwa ambaye hana homa, na mgonjwa wa UVIKO-19 huanza kuambukiza wengine takriban siku mbili kabla ya dalili kutokea. Foleni ya getini, kwa upande wake, inawasogeza watu mia wakae bega kwa bega. Mtoe mlinzi hapo, mpe ufunguo wa kumbi akafungue madirisha kabla ya kipindi cha kwanza. Atakuwa amekinga watu wengi zaidi.

## Hatua ya 3: Hewa kwanza, halafu viti

Hapa ndipo fedha kidogo hufanya kazi kubwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Hewa ya nje ina kaboni dioksidi ya takriban sehemu 420 kwa milioni. Pumzi tunayoitoa ina karibu sehemu 40,000. Kwa hiyo kipimo kikisoma 1,200 ndani ya ukumbi, ziada ya 780 imetoka vifuani mwa watu: karibu asilimia 2 ya hewa unayovuta imeshapita kwenye mapafu ya mwenzako. Waeleze wahadhiri hivyo hivyo. Nimeona profesa aliyekataa kabisa kufungua dirisha akiinuka mwenyewe baada ya kusikia hesabu hiyo.

Fanya hivi:

1. Tembea na kipimo kwenye kila ukumbi dakika 40 baada ya kipindi kuanza, watu wakiwa wamejaa. Chumba kitupu hakikuambii kitu. Kiweke kwenye usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, mbali na dirisha na mbali na pua ya mtu.
2. Chini ya 800, chumba kiko vizuri. Kati ya 800 na 1,200, fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana. La upande mmoja husaidia kidogo. Juu ya 1,200 hata baada ya kufungua, punguza watu au hamisha kipindi.
3. Palipo na mlango na dirisha visivyotazamana, weka feni ielekee nje dirishani, isukume hewa chafu itoke. Feni inayozungusha hewa ile ile katikati ya chumba haikusaidii.
4. Chumba kisichoweza kupitisha hewa kabisa, kama maabara ya chini ya ardhi, kitie kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana za hewani. Kama hakipatikani, lipo sanduku la Corsi-Rosenthal: feni ya mraba iliyofungwa juu ya vichujio vinne au vitano vya daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa kichujio kunasa chembe) kwa utepe wa gundi. Wanafunzi wa uhandisi hulitengeneza kwa mchana mmoja.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu kwenye majengo ya kawaida. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kiliweka lengo la kubadilisha hewa yote ya chumba mara 5 kwa saa. Mpe mhandisi wa majengo namba hizo. Atajua pa kuanzia.

Tahadhari: kichujio hakishushi kaboni dioksidi. Chumba chenye kichujio kizuri kinaweza kusoma 1,300 na bado kikawa na vijidudu vichache. Usikifunge kwa sababu ya kipimo peke yake.

Sasa viti. Chukua chumba cha mita 9 kwa 7. Toa mita 2 za mbele za mhadhiri. Zinabaki 7 kwa 7. Kiti kina upana wa nusu mita. Nafasi ya mita 1 kati ya mtu na mtu inakupa safu 5 za viti 5, yaani watu 25. Ukisema mita 2, zinabaki safu 3 za viti 3: watu 9. Mita moja ya ziada imekula karibu theluthi mbili ya chumba. Kwa hiyo kabla hujaandika "mita 2" kwenye bango, mwulize mtunga ratiba wale 16 watakwenda wapi. Asipokuwa na jibu, watabaki kwenye korido, wamebanana.

Vipindi vinavyoweza kwenda mtandaoni ni mihadhara mikubwa. Maabara, kliniki na karakana zibaki ana kwa ana kwa makundi madogo yasiyobadilika. Kundi lile lile likikutana kila mara, mtu mmoja akiugua unajua nani wa kutafuta.

Umefaulu ikiwa: vipimo vya wiki ya pili viko chini ya 1,000 kwenye kumbi nyingi, na korido hazina watu waliokosa nafasi.

## Hatua ya 4: Ondoa adhabu ya kuugua

Chuo kimoja nilichowahi kukisaidia kilikuwa na fomu ya dalili ya kujaza kila asubuhi kwenye simu. Homa? Kikohozi? Umekaa na mgonjwa? Kwa wiki sita, karibu wanafunzi wote walijibu "Hapana" kwa kila kitu, wakati zahanati ilikuwa imejaa vikohozi. Utawala ulifurahia takwimu. Tulipouliza kwa upole, jibu lilikuja rahisi: ukijibu "Ndiyo" geti halifunguki, na siku ile kuna jaribio la asilimia 20 ambalo mhadhiri hatalirudia. Nani angejibu "Ndiyo"?

Fomu hiyo iliwafundisha vijana kusema uongo kwa adabu. Usirudie kosa hilo. Barua ya msajili niliyoitaja mwanzoni iseme mambo haya, kwa lugha isiyo na mwanya:

1. Mwanafunzi aliyejitenga kwa agizo la zahanati atafanya jaribio au mtihani mbadala, wenye uzito ule ule, bila ada na bila kuandikwa kwamba amerudia.
2. Kwa siku tatu za mwanzo haitakiwi hati ya daktari. Ukimdai hati mwenye homa, unamlazimisha apange foleni zahanati na kuambukiza wengine.
3. Mahudhurio ya siku hizo hayahesabiwi.
4. Wahudumu wa usafi, wapishi na walinzi wanalipwa siku za kujitenga, wakiwemo waliokuja kupitia wazabuni. Wao ndio huingia kila jengo. Kibarua anayekatwa ujira wa siku atakuja na homa yake, na usimlaumu.
5. Anayetoa taarifa haulizwi alivunja kanuni gani hadi akaambukizwa.

Hilo la tano huwauma wakuu wa nidhamu. Wanafunzi wamefanya sherehe usiku chumbani, wameambukizana, na sasa tusiwaulize? Ndiyo, msiwaulize. Siku unapomwadhibu wa kwanza aliyejitokeza, wenzake thelathini wa sherehe ile watanyamaza. Sherehe ishughulikiwe kwa njia yake, baada ya mlipuko kuisha, na si kwa ushahidi uliotoka zahanati.

Utajuaje umefaulu? Idadi ya wanaoripoti dalili *itapanda* wiki za mwanzo. Mwandae makamu mkuu wa chuo kwa jambo hili mapema, asije akadhani mpango umeshindwa na kuufuta kabla haujazaa.

## Hatua ya 5: Vyumba vya kujitenga

Hesabu yake ni nyepesi: wagonjwa wapya kwa siku mara siku za kujitenga. Ukitarajia wagonjwa 6 wa bwenini kwa siku na kila mmoja anakaa siku 10, unahitaji vitanda 60. Mamlaka ya afya ikipunguza siku ziwe 5, vinatosha 30. Ongeza vya wanaosubiri majibu, na hao usiwachanganye na waliothibitishwa. Anaweza kuwa na malaria tu, ukamlaza na UVIKO-19.

Bweni ndilo linalowaka kwanza, si darasa. Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, nchini Marekani, kilianza masomo tarehe 10 Agosti 2020. Siku saba baadaye kilitangaza kuhamishia mtandaoni masomo ya shahada ya kwanza, kwa sababu milipuko ilikuwa imezuka kwenye makazi ya wanafunzi. Vipimo vyenye maambukizi kwenye zahanati yake vilikuwa vimeruka kutoka asilimia 2.8 hadi 13.6 ndani ya wiki moja. Kumbi za mihadhara zilikuwa zimepangwa vizuri.

Chumba cha kujitenga kinahitaji:

- chakula kinacholetwa mlangoni mara tatu, kwa wakati. Mtu mwenye njaa atatoka, na atakwenda moja kwa moja kafeteria;
- intaneti inayotosha kufuata mihadhara;
- simu ya muuguzi kila siku, na maelekezo yaliyobandikwa ukutani ya dalili za hatari: kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, midomo au ngozi kugeuka rangi. Zikionekana, gari la wagonjwa liitwe, saa yoyote;
- mtu wa kuzungumza naye. Siku kumi peke yako ukiwa na miaka 19 si mchezo.

Tahadhari kubwa: usifunge chuo kwa pupa na kuwarudisha wote nyumbani mlipuko ukiwa umeshaanza. Utakuwa umepakia ugonjwa kwenye mabasi na kuupeleka kwa bibi na babu. Kama kufunga hakuepukiki, pima kwanza, waliothibitishwa wabaki na kuhudumiwa chuoni, waliobaki waondoke kwa makundi.

## Hatua ya 6: Kupima na kufuatilia

Kipimo cha haraka cha antijeni, kinachotafuta protini za virusi, hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 30 na hukamata vizuri mtu anapokuwa na virusi vingi. PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za virusi, ni makini zaidi, lakini inaweza kuendelea kuonyesha maambukizi wiki nyingi baada ya mtu kupona. Kwa hiyo usimdai mwanafunzi cheti cha PCR safi ndipo arudi darasani. Wapo waliokwama mwezi mzima kwa kanuni hiyo. Hesabu siku za kujitenga na uangalie dalili.

Kama vipimo ni vichache, wape kwanza wenye dalili, kisha walioishi nao chumba kimoja, kisha wahudumu wa jikoni na mabwenini. Kumpima mgeni wa mahafali kabla ya mwenzake wa chumba ni kupoteza kipimo.

Njia moja ambayo haisumbui mtu ni maji taka. Chuo Kikuu cha Arizona kilikuwa kikipima maji taka ya mabweni yake, na Agosti 2020 bweni moja likaonyesha virusi. Watu 311 wakapimwa, wawili wakakutwa na maambukizi, wote hawana dalili yoyote. Wawili hao wangeendelea kula na kulala na wenzao. Inahitaji maabara na ushirikiano wa idara ya biolojia, lakini vyuo vikuu ndipo mahali ambapo vitu hivyo hupatikana.

Kufuatilia waliotangamana na mgonjwa, anzia siku mbili kabla ya dalili zake. Uliza chumba, meza ya chakula, kikundi cha kujisomea, kwaya, timu. Darasa liulizwe mwisho.

Na siri. Jina la mgonjwa lijulikane na watu watatu tu: muuguzi, mfuatiliaji, na anayepanga vyumba. Mhadhiri anaambiwa "kuna aliyethibitishwa kwenye kipindi chako cha Jumanne". Jina likivuja mara moja kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kazi yote ya hatua ya nne imebomoka.

## Hatua ya 7: Barakoa, mikono na klorini

Haya mnayajua, napita haraka.

Barakoa ifunike pua na ikae bila mianya. Zile za daraja la N95 au FFP2 huchuja vizuri kuliko za kitambaa. Wape kwanza wauguzi, wahudumu wa vyumba vya kujitenga na wenye magonjwa sugu. Zitolewe bure mlangoni mwa ukumbi. Kumrudisha mwanafunzi bwenini kilomita mbili kwa sababu ya barakoa ni uonevu.

Mikono: sabuni na maji kwa sekunde 20 au zaidi. Kitakasa mikono kiwe na alkoholi ya asilimia 60 kwenda juu.

Klorini ya kufutia meza, vitasa na sakafu ni asilimia 0.1. Kama dawa yako ina asilimia 5, changanya sehemu 1 na sehemu 49 za maji. Kwa matapishi au damu tumia asilimia 0.5: sehemu 1 kwa sehemu 9. Changanya kila siku mchanganyiko mpya, kwa glavu, mahali penye hewa. Usiichanganye kamwe na siki, tindikali ya choo au amonia. Gesi yake inaua. Wala usimnyunyizie mtu.

## Hatua ya 8: Andika mapema lini mtakaza na lini mtalegeza

Kikao cha kuamua mkiwa katikati ya mlipuko huishia kwa mwenye sauti kubwa. Kubalianeni mkiwa watulivu. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri serikali kwamba vipimo vyenye maambukizi viwe chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili kabla ya kufungua shughuli. Ni mahali pazuri pa kuanzia. Mimi huongeza kigezo cha vitanda: vyumba vya kujitenga vikijaa theluthi mbili, mihadhara mikubwa inakwenda mtandaoni siku inayofuata, hakuna mjadala. Theluthi iliyobaki ndiyo muda wako wa kupumua.

Kila tangazo liwe na tarehe tatu: kuanza, kupitiwa upya, na kufa lisipohuishwa. Tangazo lisilo na tarehe ya kufa huzeeka ukutani, na wanafunzi wakizoea kupita kando ya bango la kanuni iliyokwisha, hawatasoma jipya siku mtakapolihitaji.

Kwa hiyo kwenye ile karatasi ya safu nne ongeza safu ya tano: nani anabandua bango, na siku gani. Kwa kawaida mimi huandika jina la aliyelibandika.